Masisi: Picha ya timu ya vijana ipigwe wakati wote wapo

Mapema mwaka 2023, mapigano kati ya FARDC na waasi wa M23 yalifika Karuba, wilayani Masisi, jimboni Kivu Kaskazini. Wakaazi wengi walikimbilia Sake na Goma. Vijana wa timu moja wanapotawanyika hivyo, picha ndiyo inayobaki kuonyesha nani alicheza na nani.

Basi ipigwe vizuri. Karibu na ikweta, jua la saa sita mchana hukaa utosini na kutia kivuli machoni. Asubuhi ni afadhali. Vilima vya Masisi vinasaidia: wafupi wachuchumae chini ya mteremko, warefu wasimame nyuma, upande wa juu. Majina yaandikwe siku hiyo hiyo, safu kwa safu, kuanzia kushoto.