Mama Asiye na Uso

Ukisema "baba" kwa Kiswahili, kila mtu anamwona mwanamume. Kwa Ekegusii, lugha yetu Wagusii, baba ni mama. Yule wa kiume tunamwita tata. Mtoto wa kwetu Kenyenya huingia darasa la kwanza akiwa na neno hilo ulimini, na siku za mwanzo za somo la Kiswahili humtatiza kwelikweli: kitabuni kuna picha ya mwanamume mwenye koti, chini yake pameandikwa "baba", na mtoto anajua fika kwamba baba amemwacha nyumbani akichambua maharagwe. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Juu ya kabati ya mama yangu, kando ya redio, pana sanamu ya jiwe isiyozidi shubiri moja. Ni mama amempakata mtoto. Jiwe ni jeupe lenye mshipa wa waridi unaopanda kutoka magotini hadi begani. Kichwa ni mviringo kama yai, hakina macho, pua wala mdomo. Mkono unaanzia begani, unamzunguka mtoto na kupotelea kiunoni upande wa pili, na ukifuatisha kwa kidole huwezi kusema mama ameishia wapi na mtoto ameanzia wapi. Imetoka Tabaka, Mugirango Kusini, ng'ambo ya Ogembo ukitokea kwetu, kwenye machimbo ya yale mawe ambayo Kenya nzima inayajua kama mawe ya Kisii.

Nimesikia mara nyingi watu wakiizungumzia sanamu ya namna hii kwa dharau. Kazi ya watalii, wanasema. Haina uso kwa sababu mchongaji ana haraka. Nami nimekuwa nikiudhika bila kuwa na la kujibu, mpaka nilipoiweka akilini kando ya akina mama wa mbao wa Wachokwe.

Wachokwe wanaishi Angola, kusini mwa Kongo na kaskazini magharibi mwa Zambia, na ukoo wanauhesabu kwa upande wa mama. Wachongaji wao wa karne ya 19 ni miongoni mwa mafundi wakubwa kabisa wa mbao katika Afrika, na kwao mwanamke ni uso kwanza. Matundu ya macho ni mapana, kope zimefumba nusu, nywele zimesukwa uzi kwa uzi, kipaji cha uso kina chale za msalaba, na chini ya macho pana mistari ya machozi. Ndivyo ilivyo barakoa ya Pwo, bibi mzaa ukoo, ambayo huvaliwa na mwanamume anapocheza ngoma ya kumtukuza mwanamke. Hata kwenye sanamu ya mama mwenye mtoto, jicho lako hukamatwa na uso, kisha ndipo likamshukia mtoto. Nyingi ya kazi hizo zimo katika makumbusho ya Ulaya, Marekani na Dundo, huko Angola, ambako kampuni ya almasi ya Diamang ilianzisha makumbusho mwaka 1936. Jina la aliyechonga mara nyingi halikuandikwa.

Mbao ina nyuzi. Fundi anaweza kuuacha mkono mwembamba ukining'inia hewani na usivunjike. Jiwe la Tabaka halina nyuzi. Ni laini, kisu kinalipita, likitoka tu ardhini unaweza kulikwangua kwa ukucha, lakini mkono mwembamba ulioachwa peke yake utakatika kabla haujafika sokoni. Pua nayo huvunjika kabla ya kitu kingine chochote, kila mchongaji atakuambia. Kwa hiyo mkono lazima urudi mwilini, na ukirudi mwilini lazima uwe umeshika kitu. Hapo jiwe lenyewe linamsukuma fundi kwenye kumbatio.

Lakini sababu ya jiwe hainitoshi, kwa kuwa wachongaji hao hao wakitaka uso wanauchonga, na hori la Krismasi la Tabaka lina Bikira Maria mwenye macho na midomo. Nadhani kuna jambo jingine, na Mgusii yeyote atalitambua.

Kati ya 1974 na 1976, mtafiti wa Kimarekani Robert LeVine, aliyekuwa amekwisha kuishi Ugusii miaka ya 50, alirudi na wenzake kuwachunguza akina mama wa huku na watoto wao wachanga. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Waliwalinganisha na akina mama wa Boston. Wale wa Boston waliwaangalia watoto wao usoni, wakawasemesha, wakangoja watabasamu. Mama wa Kigusii alimbeba mtoto muda mrefu zaidi, akalala naye, na mtoto akilia alimnyamazisha upesi. Kumkodolea macho na kumsemesha hakukuwa kazi yake. Anayesoma hayo kwa haraka anaweza kudhani mama zetu walikuwa baridi. Mimi niliyelelewa hivyo sikuwahi kuhisi baridi. Kutazamana macho kwa macho kwetu kuna mipaka yake, chinsoni, ile heshima inayompangia kila mtu jinsi ya kuwa mbele ya mzazi, mkwe na mtoto. Uso wa mama nilijifunza kuusoma nikiwa mkubwa. Mgongo wake niliujua kabla sijajua kitu kingine.

Hata majina yetu yanausema mwili wa mama zaidi ya sura yake. Nyanchera alizaliwa njiani. Kwamboka, mama yake alikuwa anavuka mto. Msichana anabeba maisha yake yote habari ya mahali uchungu ulipomkamata mama. Na mzazi akishajifungua, analetewa chinsaga, mboga chungu iliyopikwa na kulazwa kwa maziwa, arudishe damu na maziwa yashuke.

Wazaramo wa pwani ya Tanzania walikuwa na kitu kinachokaribia sanamu yetu ya jiwe kuliko barakoa ya Pwo. Ni mwana hiti, kijisanamu cha mti alichopewa mwali akiwa ndani. Hakina mikono wala miguu, na uso wake ni alama chache tu. Mwali alikiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza kama mtoto. Uso haukuhitajika, maana kilichofundishwa kilikuwa mikononi mwa msichana.

Tabaka imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na jina lake linajulikana. Wengi wa wengine hawana jina nje ya kijiji. Wanaume wanachimba na kuchonga, wametapakaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Kisha sanamu inaingia mikononi mwa wanawake.

Kwa wanawake hao ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi nilipokwenda Tabaka. Mwanamke ameketi kwenye kigoda, beseni la maji mbele yake, mtoto amefungwa kwa leso mgongoni amelala. Anachovya sanamu, anasugua kwa msasa wa chembe kubwa, kisha laini, kisha laini zaidi, na maji yanageuka kama uji mwembamba. Mgongo wa sanamu unakwisha upesi, na kichwa pia. Kinachomlia muda ni lile pengo baina ya kidevu cha mama na utosi wa mtoto, ambamo kipande cha msasa hakiingii. Anakikunja mara nne kikawa kama kalamu, anakipitisha humo, anakivuta, anapuliza.

Nilimwomba anionyeshe, akanipa. Nikapitisha kidole gumba chini ya mkono wa mama, kwapani, nikakuta panakwaruza, eneo dogo kama punje ya mahindi. Sikusema kitu. Alikuwa ananitazama kidole. Akainyakua sanamu, akaichovya, akakunja msasa mwingine na kuanza upya, huku akiyumba taratibu mbele na nyuma kwa sababu mtoto mgongoni alikuwa ameanza kuamka.