Mangapwani: Shamba la Mmanga, hesabu ya nani?

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Mjini Unguja kwa njia ya kaskazini, baada ya kilomita 20 na ushei unafika Mangapwani, katika Wilaya ya Kaskazini B. Wageni wengi hupelekwa huko kuona pango la maji na chumba cha kufichia watumwa. Ni wachache wanaouliza jina la kijiji limetoka wapi.

Manga ni jina la zamani la nchi za Arabuni, hasa Omani. Ndiyo maana tunasema pilipili manga, na ndiyo maana Waarabu waliokuja kwa majahazi ya kaskazi waliitwa Wamanga. Mangapwani ni pwani yao. Jina hilo ndilo ukurasa wa kwanza wa historia ya koo za wakulima waliohama kwao na kushika ardhi ng'ambo ya bahari.

Zao la kukaa

Kwao walizoea mitende na maji ya mfereji. Unguja walikuta mvua na minazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ililetwa kisiwani, na Saleh bin Haramil al-Abry ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Baadaye Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Hilo si zao la mpita njia. Aliyepanda alikuwa ameamua kuzika na kuzikwa hapa.

Hata hivyo, mwenye shamba hakupalilia wala kuchuma peke yake. Kazi ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara, chini ya nokoa na msaidizi wake, kadamu. Simulizi ya pango la Mangapwani inaeleza kuwa maji yale yaligunduliwa na mtoto mtumwa wa Hamed bin Salim al-Harthy, alipokuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Jina la mwenye shamba tunalo. La mtoto halikuandikwa.

Kimbunga na deni

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mwaka uliofuata Sultani Barghash, akishinikizwa na balozi wa Uingereza, Mskoti John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Chumba cha Mangapwani kinahusishwa na biashara ya magendo iliyoendelea baada ya hapo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897.

Mkulima aliyepoteza miti, kisha akapoteza watu wa kazi, alibaki na njia moja: kukopa. Mashamba yaliwekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na bei ya karafuu iliposhuka deni lilirithiwa na watoto pamoja na miti. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wakopeshaji.

Kwa hiyo anayetafuta historia ya ukoo wa shamba asiishie kwenye shajara ya nasaba. Hati za rehani, za wakfu na za mirathi, ambazo nyingine zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Unguja, humwambia nani alikopa, nani alirithi na mipaka ilipita wapi.

Eka tatu

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Familia nyingi zenye asili ya Omani ziliondoka, na baadhi zilirejea Muscat na Kiswahili chao. Kuanzia mwaka 1965 mashamba makubwa yaligawanywa vipande vya eka tatu kwa wananchi wasio na ardhi, wengi wao kutoka familia zilizopalilia mashamba hayo kwa vizazi.

Wao nao wamekuwa mababu. Wajukuu wao wanarithi eka tatu zilezile wakiwa wengi, na mara nyingi bila karatasi. Tatizo huongezwa na mila ya visiwani inayotenganisha ardhi na miti: mtu anaweza kumiliki minazi iliyo juu ya ardhi isiyo yake.

Suala hili si la kumbukumbu tu. Serikali imepanga bandari jumuishi Mangapwani, na thamani ya ardhi ikipanda, swali la nani alipanda mti upi huwa swali la fedha. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 inatambua haki ya matumizi ya ardhi, lakini haki isiyosajiliwa ni ngumu kuitetea mbele ya mthamini.

Mkulima mwenye wazee hai afanye kazi hii mapema: awaulize mipaka, ahesabu miti, aandike majina ya waliopanda mbele ya mashahidi na sheha, kisha afuatilie usajili. Wamanga waliacha hati kwa sababu walikopa. Mwenye eka tatu asisubiri deni au fidia ndipo atafute karatasi.