Chumvi ya Jikoni Haitengenezi Bahari

Samaki huweza kurekebisha kiasi cha chumvi mwilini mwake. Sponji na konokono wa baharini wasio na kombe hawawezi: madini yaliyomo majini ndiyo, kwa kiasi kikubwa, yanayokuwa mwilini mwao. Ndiyo maana swali linalorudiwa kila mara na wafugaji wa viumbe wa matangini walioko bara, Mukurweini huko Nyeri ikiwamo, kwamba tangi la lita 100 linahitaji pakiti ngapi za chumvi ya dukani, halina jibu. Hakuna idadi inayofaa.

Hoja ya wanaoamini kwamba chumvi ya dukani inatosha ni kwamba chumvi ya Kenya hutoka baharini, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni huko Magarini, hivyo kuitia majini ni kuirudisha bahari. Hoja hiyo inapuuza kinachotendeka shambani. Jua linapokausha maji, chokaa hutuama kwanza, kisha jasi, na kalsiamu nyingi huishia hapo. Maji yaliyokolea ndiyo hutoa chembe za chumvi ya kula. Kabla hayajakauka kabisa, mabaki machungu yenye magnesiamu na potasiamu huondolewa, maana yakibaki chumvi huwa chungu na hupata unyevu. Kiwandani huongezwa iodini na dawa ya kuzuia kugandamana. Kinachofika dukani ni sodiamu kloridi karibu tupu.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na sodiamu na kloridi kwa pamoja ni kama asilimia 85 tu. Katika sehemu iliyobaki mna takriban gramu 1.3 za magnesiamu na 0.4 za kalsiamu, pamoja na salfeti, potasiamu na bikaboneti zinazotuliza maji yasigeuke asidi. Haidromita ikionyesha 1.025 haithibitishi lolote, kwa kuwa hupima msongamano wa maji, si aina ya madini. Kujaribu kuongeza kalsiamu kienyeji hakusaidii: maganda ya mayai hayayeyuki katika maji ya namna hiyo, nayo chokaa ya ujenzi huyafanya yaunguze. Katika maji hayo konokono hujikunja, huachia kioo na kuanguka. Sponji huacha kuvuta maji, huoza, na amonia yake huua kilichosalia. Huo ni ukatili unaoepukika.

Njia sahihi ni fupi. Itumike chumvi maalumu ya matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita ya maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi kinyume (RO), ikorogwe kwa pampu siku nzima. Joto liwe nyuzi 25 hadi 26. Usiku wa Julai Nyeri hudai hita, na umeme ukikatika, betri ya pampu. Amonia na naitraiti zifikie sifuri kabla ya kiumbe chochote kuingia, na sponji wasubiri miezi kadhaa. Sponji ahamishwe akiwa ndani ya maji, kwa kuwa hewa ikinasa kwenye vitundu vyake hufa. Alishwe mwani wa hadubini. Konokono wengi wenye rangi kali hula aina chache tu za sponji, na bila hao hufa njaa. Mmoja wao, Phyllidia, huweza pia kumwaga sumu inayoua samaki. Anayeanza amchague Dolabella, mla mwani. Kiumbe chochote kisichukuliwe katika hifadhi za bahari za Watamu, Malindi au Kisite, na maji ya tangi yasimwagwe mtoni wala shambani.