Tawasifu ya Mkimbizi Mbele ya Dola: Funzo la Kisiwa cha Manus

Tawasifu, yaani maandishi ambamo mtu husimulia maisha yake mwenyewe, hupata uzito wa pekee inapoandikwa na mkimbizi, kwa kuwa mkimbizi hulazimika kwanza kuyasimulia maisha hayo mbele ya dola. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 humtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa. Kwa hiyo mwomba hifadhi huhojiwa na ofisa ambaye huchagua maswali, huyapima majibu na kuamua lipi liaminike. Tawasifu huugeuza uhusiano huo, kwani ndani yake mkimbizi ndiye anayeuliza, na dola ndiyo inayochunguzwa.

Mfano ulio wazi ni ule wa Behrouz Boochani, mwandishi wa habari Mkurdi kutoka Iran. Mnamo Julai 2013 serikali ya Australia ilitangaza kwamba waomba hifadhi watakaowasili kwa boti bila viza hawatapewa kamwe makazi nchini humo, ikawa inawapeleka katika vizuizi vya Nauru na vya kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Utaratibu huo ulitegemea umbali na usiri: waliozuiliwa waliitwa kwa namba, na sheria ya mwaka 2015 iliwatishia wafanyakazi waliotoa habari za ndani kifungo cha hadi miaka 2.

Boochani, aliyezuiliwa Manus na kupewa namba MEG45, aliandika kwa Kifarsi kwenye simu aliyowaficha walinzi, akatuma maandishi yake vipande vipande kwa WhatsApp, na Omid Tofighian akayatafsiri kwa Kiingereza kuwa kitabu kiitwacho No Friend But the Mountains, kilichotoka mwaka 2018. Kitabu hicho hakiombi huruma. Kinachambua jinsi foleni, njaa na kanuni zinazobadilika ovyo zinavyotumiwa kuwavunja watu moyo na kuwagombanisha. Januari 2019 kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Victoria, yenye thamani ya dola 100,000 za Australia, huku mwandishi wake akiwa bado amezuiwa kukanyaga nchi iliyomtuza.

Ni kweli kwamba kitabu peke yake hakifungui lango. Mahakama Kuu ya Papua New Guinea ilikuwa imekwisha kuamua mnamo Aprili 2016 kwamba uzuiaji huo ulikiuka katiba, na Boochani hakuondoka hadi Novemba 2019, alipokwenda New Zealand, ambako alipewa hifadhi mwaka 2020. Hata hivyo, dola ilipoteza haki ya kuwa msimulizi pekee wa yaliyotendeka Manus.

Wasomaji wa Kiswahili waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Dadaab wanayo masimulizi ambayo majalada ya maofisa hayawezi kuyabeba. Wayaandike kwa lugha yao, kwa majina yao, kabla wengine hawajawaandikia.