Mtoto Njiti na Maziwa ya Mama Yake: Kwa Nini Huyatapika, na Yatupasa Kufanya Nini

Katika nchi ya juu ya Kasulu na Kibondo, mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, swali la kwanza la jamaa ni hili: "Je, anapumua?" Akiwa anapumua, watu hushukuru. Lakini baada ya siku moja au mbili huja swali la pili, nalo ni zito kama la kwanza: "Mbona hanyonyi? Mbona akipewa maziwa anatapika?" Twapenda leo kulieleza swali hili la pili, maana jibu lake likikosewa nyumbani, mtoto aliyekwisha kuokoka katika kuzaliwa aweza kupotea katika kulishwa.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza majuma 37. Wasomaji wasidhani ya kuwa jambo hili ni la nyumba chache, wala kwamba ni laana ya ukoo fulani. Katika mwaka 2020 watoto kama milioni 13.4 walizaliwa hivi ulimwenguni, yaani karibu mmoja katika kila 10. Sababu zake ni nyingi: mapacha, damu ya mama kupanda, maradhi ya njia ya mkojo, na malaria katika mimba. Nasi wa Mkoa wa Kigoma twaijua malaria vema. Katika upimaji uliofanywa nchini mwaka 2017, mkoa wetu ndio uliokuwa na watoto wengi kuliko yote wenye vimelea vya malaria, kama 24 katika kila 100. Kwa hiyo yafaa kila mzee wa kijiji na kila mwalimu ajue habari hizi, hata kama nyumbani kwake hajazaliwa mtoto wa namna hiyo.

Basi, kwa nini mtoto njiti hawezi kula kama wenzake? Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akijua kazi tatu kwa pamoja: kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi, kila moja kwa zamu yake. Kazi hizi hazipatani vizuri mpaka mimba ifike kama majuma 34. Aliyezaliwa kabla ya hapo, ukimtilia maziwa kinywani kwa nguvu, maziwa yaweza kwenda mapafuni badala ya tumboni. Ndiyo maana waganga humtilia mpira mwembamba upitao puani au kinywani mpaka tumboni. Wako watu wauogopao mpira huu, wakidhani ni alama ya kufa. Sivyo. Ni njia tu ya kumpitishia chakula mpaka atakapojua kunyonya mwenyewe.

Hata maziwa yakifika tumboni salama, kazi haijaisha. Mlango wa juu wa tumbo lake bado ni mlegevu, kwa hiyo maziwa hurudi upesi. Matumbo yake hayajajifunza kusukuma chakula kwa mpango, na maji ya kuyeyushia chakula bado ni machache. Tena ngozi ya ndani ya matumbo ni nyembamba, wala haijawa na nguvu ya kuzuia vijidudu. Tuchukue mfano wa daraja jipya ambalo saruji yake haijakauka. Watu wakipita mmoja mmoja kwa uangalifu, daraja halidhuriki. Ukipitisha lori lililojaa mahindi, litavunjika. Daraja si bovu, wala lori si bovu. Wakati wake tu haujafika.

Hapo ndipo kosa kubwa linapotokea. Mtoto akitapika, jamaa husema, "Maziwa ya mama huyu ni mabaya," au "Ni mepesi kama maji." Kisha hutafuta badala yake: maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, maji ya sukari, uji mwepesi, au dawa za mizizi za kufungua tumbo. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini wanalipitisha lori juu ya daraja bichi. Uko ugonjwa mmoja wa watoto njiti ambao waganga wauogopa sana, ambamo sehemu ya matumbo huvimba, hukosa damu na kuoza. Mtoto aweza kufa kwa siku moja au mbili. Maziwa ya mama ndiyo ngao iliyo bora ya kuuzuia. Mwaka 1990 waganga wawili wa Uingereza, Lucas na Cole, walitangaza habari za watoto njiti 926. Wale waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata ugonjwa huo mara 6 hadi 10 kuliko wale waliolishwa maziwa ya mama peke yake. Ikiwa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto yana hatari hiyo, je, uji na maziwa ya ng'ombe?

Liko na dhara la pili lisiloonekana upesi. Mama akiambiwa maziwa yake ni mabaya, huacha kuyakamua. Matiti yasiyokamuliwa hukauka. Baada ya juma moja, mtoto akiwa tayari kunyonya, chakula chake hakipo tena.

Basi dawa ya mtoto huyu si kubadili maziwa, ni kupima kiasi chake. Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 1.2. Siku ya kwanza mganga aweza kuagiza apewe mililita 24 tu kwa mchana na usiku. Zikigawanywa mara 12, kila baada ya saa mbili, ni mililita 2 kila mara. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Basi mtoto huyu hupewa chini ya nusu ya kijiko. Bibi akiona hivyo husema mtoto anauawa kwa njaa. La, ndivyo matumbo yanavyofundishwa kazi. Na ikiwa kiasi hicho hakimtoshi, hospitali humwongezea maji na sukari kwa njia ya mshipa. Asipodhurika, huongezewa kila siku. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika maagizo yake ya mwaka 2022, lilikubali nyongeza ya hadi mililita 30 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Wahenga walikwisha kusema: haba na haba hujaza kibaba.

Maziwa yale ya kwanza, mazito na ya njano, yaitwayo dang'a, yasimwagwe hata tone. Wengine huyaona kuwa machafu kwa sababu ya rangi yake. Kumbe ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote, nayo hutoka machache kwa sababu mtoto naye ahitaji machache.

Sasa yatupasa kupambanua kutapika kwa namna mbili. Maziwa kidogo yakirudi yakiwa meupe, na tumbo la mtoto ni laini, naye anajigeuza na kupata choo, mara nyingi si ugonjwa. Ni ule mlango mlegevu tulioutaja. Lakini dalili hizi ni za hatari:

Kwanza, matapishi ya rangi ya kijani, ambayo ni nyongo, au yenye damu.
Pili, tumbo kuvimba, kuwa gumu au kung'aa, au mtoto kulia akiguswa tumboni.
Tatu, damu katika choo.
Nne, mtoto aliyekuwa akila vizuri kuacha ghafula, kulegea, kuwa baridi, au kusahau kuvuta pumzi.

Mama akiona mojawapo ya hizi akiwa hospitalini, na amwite muuguzi saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Akiwa nyumbani, safari ianze mara moja, wala isingojee kupambazuka. Asimpe kitu chochote cha kufungua tumbo. Wakati wa safari mtoto afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

Neno hili la ngozi kwa ngozi ladai maelezo. Usiku wa nchi yetu ya juu ni wa baridi, hasa miezi ya Juni na Julai. Mtoto njiti akipatwa na baridi, nguvu zote alizozipata katika maziwa huishia katika kutafuta joto, na matumbo yake hufanya kazi kwa taabu. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, waganga walianza kuwafunga watoto hawa kifuani pa mama zao, kama kangaruu achukuavyo mtoto wake. Mwaka 2021 zilitolewa habari za watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kama 12 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 28. Waliongojeshwa kwanza mpaka hali yao itulie, kama 16 katika kila 100. Kazi hii baba aweza kuifanya, na bibi pia, mama akipumzika.

Mama naye ana kazi yake. Na akamue maziwa kwa mkono mara nane au zaidi mchana na usiku, hata kama yatoka matone tu. Kwanza anawe mikono kwa sabuni, na chombo kiwe kimechemshwa. Mtoto akiwa tayari kuacha mpira, apewe kwa kikombe kidogo kilicho safi, akilamba mwenyewe pole pole, kisha ahamie titi. Chupa yenye chuchu isitumiwe, maana ni vigumu kuisafisha. Na mama atumiaye dawa za virusi vya UKIMWI asiache kunyonyesha kwa hofu. Afuate shauri la mganga wake.

Lakini mama atakamuaje maziwa mara nane kwa siku ikiwa yuko wodini Kasulu au Kibondo bila chakula, na nyumbani watoto wengine wanamngoja, na shamba la maharage limejaa magugu? Hapa ndipo tunapowageukia ninyi, wazee wa vijiji, walimu na waume. Mwanamke huyu akae hospitalini mpaka aruhusiwe, si mpaka nauli iishe. Apelekewe chakula na maji ya kunywa. Jirani wamlimie. Mama mkwe aelezwe mapema habari ya nusu ya kijiko na ya mpira, asije akafika na chupa ya uji chini ya kitenge. Na katika mkutano wa kijiji lisemwe wazi kwamba mama aliyezaa njiti hakutenda kosa, na maziwa yake si mabaya.

Mtoto aliyezaliwa na kilo moja na robo aweza kukua, akaketi darasani, akasoma karatasi kama hii. Ahitaji vitu vitatu: joto la kifua, maziwa ya mama yake kwa kiasi kilichopimwa, na watu wenye subira. Viwili vya kwanza mama anavyo tayari. Cha tatu kiko mikononi mwetu.