Sherehe ya kufunga shule: Vitamutamu vya watoto 60 bila kumaliza mfuko wa wazazi

MUHULA wa tatu unapoelekea ukingoni, vikao vya wazazi katika shule nyingi nchini hugeuka kuwa uwanja wa mabishano kuhusu jambo moja: sherehe ya watoto itagharimu pesa ngapi, na nani atakayezitoa.

Chakula chenyewe huwa hakileti utata mkubwa. Takribani kila mzazi anajua kilo moja ya mchele hushibisha watu wangapi. Penye matatizo ni kwenye vitamutamu, yaani vile vitu ambavyo mtoto huvisubiri tangu asubuhi na ambavyo atavisimulia nyumbani jioni. Hapo ndipo pesa hupotelea, na hapo ndipo mtoto mmoja au wawili hujikuta wamesimama na sahani tupu ilhali wenzao wanajilamba vidole.

Chanzo cha kasoro hiyo mara nyingi si uhaba wa pesa, bali ni mpango kuanzia mahali pasipofaa. Wazazi huanza kwa kuagiza keki, kisha wakagawanya kinachobaki kwa mambo mengine. Mpango ulio bora huanza na idadi ya watoto, ukaamua kila mmoja atapata vipande vingapi vya nini, ndipo ukaingia sokoni.

Chukua mfano wa darasa lenye watoto 60 ambalo wazazi wake wamekubaliana kutenga Sh6,000 kwa vitamutamu na vinywaji. Hizo ni Sh100 kwa kila mtoto.

Keki huuzwa kwa kilo. Ikikatwa vipande vya gramu 80, kilo moja hutoa vipande 12 hivi, kwa hivyo watoto 60 watahitaji kilo 5. Iwapo mwokaji anaitisha Sh1,500 kwa kilo, keki peke yake itakula Sh7,500 kabla ya mtu yeyote kununua tone la kinywaji. Mfuko umeshapasuka, na keki yenyewe ni ya duara, umbo ambalo ni gumu mno kukatwa vipande 60 vinavyolingana. Watoto wana macho makali kuhusu ukubwa wa kipande cha jirani.

Keki ya sinia, kaimati na tikiti

Haimaanishi kwamba keki ifutwe kabisa. Sherehe ya watoto, hasa wa chekechea wanaovishwa majoho na kupigwa picha, haikamiliki machoni pao bila keki kukatwa. Suluhisho ni keki ya mstatili iliyookwa kwa sinia bila mapambo ya krimu. Sinia lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40 likikatwa mistari 6 upande mmoja na 10 upande wa pili, litatoa vipande 60 kamili, kila kimoja cha sentimita 5 kwa 4. Unga wa ngano nusu kilo, sukari iliyopungua kidogo nusu kilo, siagi gramu 400 na mayai 8 hutosha kwa kazi hiyo. Asiye na tanuri anaweza kuoka kwa awamu katika sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, huku ile kubwa ikiwa na mchanga na makaa yakipangwa chini na juu ya kifuniko. Ni kazi ya subira, lakini wengi waliolelewa mashambani walionja keki yao ya kwanza kwa njia hiyo.

Kipande hicho kidogo ni cha kuonja na cha kupigia picha. Kitamutamu cha kumridhisha mtoto kinafaa kiwe kitu kingine, na katika hili akina mama wa Pwani wana jibu la siku nyingi.

Kaimati, ambazo wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu huzijua vyema hasa wakati wa Ramadhani, ni miongoni mwa vitamutamu vya bei nafuu mno kwa kila kipande. Mahitaji yake ni unga wa ngano, hamira, maji au tui la nazi, mafuta ya kukaangia na sukari. Nusu kilo ya unga hutoa kaimati 50 hivi za ukubwa wa ndimu ndogo. Pakiti moja ya kawaida ya kilo 2 basi itatoa karibu 200. Kila mtoto akipewa 3, zitatumika 180.

Unga huchanganywa na hamira na maji ya uvuguvugu hadi uwe mzito wa kuchoteka kwa mkono, ukapigwa vizuri kisha ukafunikwa kwa muda wa saa moja hivi mpaka uumuke. Ndipo donge moja moja hudondoshwa katika mafuta yaliyopata moto wa wastani na kugeuzwa bila kuchoka hadi liwe la rangi ya dhahabu. Moto ukiwa mkali, kaimati hubadilika rangi haraka nje na kubaki mbichi ndani. Kosa hili ndilo huwaponza wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza, na ni afadhali lifanyike nyumbani wiki moja kabla kuliko siku yenyewe mbele ya watoto 60.

Shira nayo hupikwa kwa kilo moja ya sukari, vikombe 2 vya maji, iliki iliyotwangwa na maji ya nusu ndimu ili isigande. Kiasi hicho hutosha kuzipaka kaimati zote kwa wepesi. Wanaopenda kaimati zinazoogelea katika shira wataona ni kidogo, lakini mwalimu atakayesafisha madawati na daftari baadaye hatalalamika.

Karai la wastani huchukua kaimati 15 hadi 20 kwa mara moja, na kila awamu huhitaji karibu dakika 8. Mpishi mmoja mwenye karai moja atasimama jikoni kwa zaidi ya saa moja na nusu. Wawili wenye makarai mawili watamaliza kwa nusu ya muda huo. Ni muhimu kulijua hili mapema kwa sababu kaimati hupendeza zikiliwa siku ile ile. Zikifungiwa katika ndoo zingali moto, mvuke huzilainisha na ule ugumu mwembamba wa nje hutoweka.

Pasipo na mtu wa kukaanga, kashata za nazi zinaweza kuchukua nafasi hiyo. Nazi 2 zilizokunwa, nusu kilo ya sukari, kikombe kimoja cha maji na iliki hutoa vipande 30 hivi, na faida yake kubwa ni kwamba hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Mama anayefanya kazi ya ajira anaweza kuzipika Jumatano usiku kwa sherehe ya Ijumaa. Kashata za karanga zina mashaka zaidi. Karanga zilizohifadhiwa mahali penye unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, sumu ile ile iliyoua watu 125 mwaka wa 2004 mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Isitoshe, wapo watoto ambao miili yao haivumilii karanga hata kidogo, na mwalimu wa darasa hana budi kuwauliza wazazi kabla. Kwa watoto wa chekechea, karanga nzima na peremende ngumu ni bora ziachwe kabisa kwa kuwa huweza kuwasakama kooni.

Tunda ndilo huokoa bajeti. Tikiti la kilo 6 hukatwa vipande 30 vya gramu 200 pamoja na ganda, hivyo matikiti mawili ya kiasi hicho huwatosha watoto wote. Wazazi wengi hutamani maembe, lakini msimu wake mkuu huanza kushika kasi Novemba, na katika miaka ya karibuni shule nyingi zimekuwa zikifunga mwishoni mwa Oktoba. Kupanga sherehe kwa kutegemea maembe ambayo huenda hayajafika sokoni ni kucheza kamari. Ndizi mbivu hupatikana mwaka mzima na hazihitaji kisu wala sahani.

Soda na sukari yake

Kwenye vinywaji, desturi ni kununua kreti za soda. Chupa moja ya mililita 300 ya soda ya kawaida ina gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko 7 au 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mwili hupata kutokana na chakula kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, kiwango ambacho kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Soda peke yake inapita hapo.

Siku moja ya furaha haitamdhuru mtoto, na hakuna haja ya kugeuza sherehe kuwa somo la lishe. Lakini mtoto aliyekunywa soda nzima kabla ya vitamutamu huziacha kaimati zikiwa zimeng'atwa nusu, na huko ni kutupa pesa za wazazi.

Maji ya ukwaju ni rahisi zaidi. Watoto 60 wakipewa kila mmoja mililita 200, zinahitajika lita 12. Ukwaju wa kilo moja na robo uliolowekwa, ukafikichwa na kuchujwa, pamoja na sukari gramu 700, hutosheleza kiasi hicho. Kila kikombe kitakuwa na gramu 12 hivi za sukari. Sharti maji yawe yamechemshwa na kupoa, si ya mfereji moja kwa moja wala ya tangi la shule. Mkurupuko wa kipindupindu uliozuka nchini Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti nyingi unatosha kuwa onyo.

Zamani watoto wangepewa barafu za rangi katika vijifuko vya plastiki. Tangu Agosti 28, 2017, marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza kutekelezwa, njia hiyo imefungwa, na mzazi anayetaka barafu hana budi kuigandisha katika vikombe.

Sukari yote ikijumlishwa, kaimati, keki na ukwaju zitachukua kilo 2 na robo hivi. Inafaa inunuliwe mapema. Mwaka wa 2023, bei ya sukari ilipopanda hata kilo moja ikapita Sh200, kamati zilizokuwa zimekadiria kwa bei ya mwanzo wa mwaka zilijikuta na pengo.

Gharama nyingine ambazo husahaulika ni mafuta ya kukaangia, makaa au gesi, vikombe, karatasi za shashi na nauli ya atakayekwenda sokoni. Katika mfuko wa Sh6,000, kuweka kando Sh600 kwa ajili ya hayo na dharura nyingine si uoga. Aidha, anayetumwa sokoni arudi na orodha ya alivyonunua na bei zake, kwani ugomvi wa wazazi huanzia kwenye Sh200 ambazo hakuna anayekumbuka zilikokwenda.

Mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga

Suala zito kuliko sukari na siagi ni la mtoto ambaye mzazi wake hakutoa mchango. Elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa kuwa bila malipo Januari 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaeleza kwamba mtoto hawezi kunyimwa nafasi ya kuhudhuria shule kwa sababu ya kukosa kulipa michango. Hata hivyo, sheria haiwezi kumfikia mtoto anayeambiwa kwa upole aketi nyuma wakati wa kugawa keki. Hilo hutegemea waandaaji.

Ndiyo maana hesabu hupasa kufanywa kwa rejista ya darasa, si kwa orodha ya waliochanga. Ikiwa wazazi 45 kati ya 60 ndio waliotoa, Sh4,500 zigawanywe kwa watoto 60. Kila mtoto atakuwa na Sh75. Kipande cha keki kinaweza kupungua, tikiti likachukuliwa na ndizi, na kaimati zikabaki tatu tatu. Orodha ya waliolipa ibaki kwa mweka hazina, isibandikwe ukutani wala kusomwa mbele ya watoto.

Njia nyingine ambayo husaidia ni kupokea mchango wa vitu na wa nguvu. Mzazi asiye na Sh100 huenda ana mkungu wa ndizi shambani, au karai kubwa, au saa mbili za kukaanga. Mchango wa namna hiyo uandikwe katika daftari lile lile na kwa heshima ile ile.

Ugawaji wenyewe hufaa ufanywe na watu wazima wawili, watoto wakiwa wameketi. Meza ya kujipakulia huwapendelea wenye miguu mirefu na viwiko vikali. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Vitamutamu visitolewe na kuachwa juani wakati wa hotuba, kwani WHO hushauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na hotuba za mwisho wa mwaka zinajulikana kwa urefu wake. Pengine watoto wale kwanza, kisha wageni wa heshima waongee.

Zile kaimati 20 zilizobaki katika hesabu ya awali zina wenyewe pia. Sherehe za shule huvutia wadogo zao wanafunzi, ambao hufika wakiwa wameshikwa mkono na mama au wamebebwa mgongoni, na hakuna rejista yenye majina yao.