Masomo ya Chuo Kikuu Huhesabiwa kwa Saa

Ndugu wafanyakazi, wenzetu hutuuliza: kijana akihama chuo kikuu, masomo tuliyokwisha kuyalipia karo yapotea? Si lazima. Kila somo lina krediti zake. Hizi si deni la dukani, ni hesabu ya saa. Hapa Uganda krediti moja ni saa 15 za kufundishwa. Kwa jirani zetu Tanzania ni saa 10, lakini ndani yake zimo hata saa za kujisomea mwenyewe. Kwa hiyo krediti 40 za huku si 40 za kule. Chuo kipya hulinganisha mihtasari ya masomo na alama, kisha huamua chenyewe kinachopokewa. Basi kijana adai jibu la maandishi kabla hatujalipa karo mpya. Ahadi ya mdomo tumeikataa hata kiwandani.